Mti wa Krismasi Moshi na Arusha: Kabla ya Kuchagua wa Kukata au wa Boksi, Jua Utalala Wapi Tarehe 24

Novemba ikifika katikati, maduka ya Mbuyuni hapa Moshi huanza kutoa nje maboksi marefu yenye picha ya mti wa kijani, mnene kiasi kwamba hata kidole hakipenyi katikati ya matawi. Arusha mambo ni yale yale: ukipita Soko Kuu au Kilombero unakuta mikufu ya kung'aa imening'inizwa kama mashada ya vitunguu. Na kila mwaka ndugu zangu hunipigia simu na swali lile lile, tununue wa plastiki wa boksi au tukate msaiprasi, ule mti wa uzio na mbao?

Mimi huwajibu kwa swali. Tarehe 24 usiku mtalala wapi?

Hatua ya kwanza: jua nyumba itabaki na nani

Huku kwetu Krismasi haikai mjini. Kuanzia tarehe 20 hivi mabasi ya kutoka Dar yanashusha watu usiku na mchana, magari yanapanda Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, na ule utani kwamba Wachaga wanarudi kwao kuhesabiwa unasikika tena kama kawaida. Mjini mageti yanafungwa. Sasa wewe umepamba mti sebuleni Pasua tangu tarehe 10, halafu tarehe 22 unafunga na kupanda mlimani mpaka mwaka upinduke. Huo mti umempambia nani?

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Mwaka mmoja nilikata msaiprasi mzuri, nikausimamisha kwenye ndoo ya maji, watoto wakaupamba, tukaenda kijijini Uru siku 11. Tuliporudi ndoo ilikuwa kavu, imebaki na ukoko wa kijani chini. Mti umegeuka rangi ya tumbaku. Nilishika tawi moja nifungue puto, vijani vikamiminika kwenye zulia kwa sauti ya mchele unaomwagwa kwenye ungo. Mpaka Pasaka nilikuwa bado navichokonoa kwenye mikunjo ya kochi. Nilishukuru tu kwamba taa nilikuwa nimezichomoa, maana mti mkavu namna ile ukipata cheche hausubiri uite jirani.

Kwa hiyo pima hali yako. Kama familia yote inapanda kijijini na nyumba ya mjini inafungwa, mti wa kukata mjini ni hasara. Nunua wa boksi, tena mdogo, ukae mjini wiki hizo mbili za kwanza, na mti mkubwa wa kweli uwe kule juu ambako watu watakuwepo. Kama unabaki mjini, labda una duka ambalo Krismasi ndiyo mavuno yake, au uko zamu hospitalini, basi mti wa kweli utakufaa sana, maana utakuwepo kuumwagilia. Na kama wewe ndiye mwenye nyumba ya kijijini, ile inayopokea watu 30 na watoto wasiohesabika, usihangaike na wa plastiki. Huko miti ipo, ndoo ipo, na mti utavutwa, utaangushwa na kusimamishwa tena mara nne kabla ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kukatwa. Wa boksi hautoki salama katika sikukuu ya namna hiyo.

Hatua ya pili: pima kabla ya kupenda

Miti ya boksi huuzwa kwa futi, na futi moja ni kama sentimita 30. Mti wa futi 6 basi ni mita 1.8, urefu wa mwanamume mrefu; wa futi 7 unapita mita 2.1. Chukua futikamba ya fundi upime kutoka sakafuni hadi kwenye dari, kisha ondoa sentimita 30 za nyota na nafasi ya kupumua. Kama una jipsamu yenye feni katikati, pima hadi kwenye mapanga ya feni, usipime hadi darini. Moshi mwezi wa 12 feni haizimwi.

Upana ndio watu wanausahau. Mti wa futi 6 chini unaweza kufika mita moja na zaidi, na sebule zetu zimejaa: makochi, stuli za chai, kabati la vyombo, televisheni. Njia yangu ni ya kienyeji. Natandaza kanga sakafuni pale mti utakapokaa, naikunja mpaka iwe na upana wa mti, halafu naiacha hapo siku nzima. Kama watu wameikanyaga mara kumi, hapo si mahali pa mti. Ukishapata kona, hakikisha si karibu na jiko la mkaa wala dirisha la jua la mchana, na kwamba haizibi njia ya kutokea nje.

Chumba cha kupanga? Mti wa futi 2 au 3 juu ya meza unatosha kabisa, wala usione haya.

Hatua ya tatu: kama umeamua wa kweli

Kwanza elewaneni majina. Ukimwambia kijana wa bustani "niletee mkrismasi," anaweza kukuletea mche wa ule mti wa maua mekundu unaochanua Desemba, ambao nao watu wengi wanauita mkrismasi. Ni mzuri barabarani, ila kwa sebule yako haufai kitu. Sema msaiprasi, au onyesha picha kwenye simu.

Miti inayopatikana huku na watu wanaitumia ni hii. Msaiprasi ndio bora kwa maoni yangu: matawi yamebanana, vijani vyake ni kama magamba madogo visivyochoma, na harufu yake ikichanganyika na ya pilau, hapo ndipo mtu anajua kweli ni Krismasi. Paina, ambayo vitabuni ni msonobari, ina sindano ndefu zinazoning'inia. Ni nzuri kuitazama ila mapambo yanateleza, na matawi yako mbalimbali. Mvinje ni laini mno, kipambo cha uzito wa yai kinaukunja mpaka chini. Kuna na mtarakwa, mti wa asili wa milima yetu, unaoota hasa upande wa kaskazini na magharibi wa Kilimanjaro. Huo uache kabisa, unakua polepole na haukuumbwa kwa ajili ya wiki mbili za sebuleni. Kwa taarifa yako, msaiprasi na paina tulizozizoea hapa asili yake ni Mexico na nchi za jirani yake. Zililetwa kwa mbao, zikapandwa kwenye mashamba makubwa ya miti kama West Kilimanjaro kule Siha, Rongai upande wa Rombo, na Meru kwa upande wa Arusha. Mti wa Krismasi wenyewe ni desturi ya Wajerumani, na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walikuwa wameshafika Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo bibi zetu hawakungoja kuuona kwenye televisheni.

Sasa kuhusu kuupata. Mashamba hayo ya miti ni ya serikali, yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Huingii na panga ukachagua. Kadhalika hifadhi ya mlima, na ule ukanda wa nusu maili uliotengwa tangu 1941 kati ya vijiji na msitu. Usimtume kijana wa bodaboda "akuletee tu," maana hutajua umetoka wapi, na akikamatwa njiani wewe uko nyumbani unachambua mchele. Hata mti ulioko kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mzee wako, mkoani Kilimanjaro kukata mti mzima kuna utaratibu wa kibali. Pita ofisi ya kijiji au kwa afisa misitu uulize kwanza.

Ila siri ambayo watu wa mlimani wanaijua ni hii: huhitaji mti mzima. Tawi linatosha. Wenye uzio wa msaiprasi hupunguza uzio wao mara kwa mara, na msaiprasi mkubwa ukikatwa kwa ajili ya mbao, kilele chake cha mita mbili hubaki chini kikingoja kuwa kuni. Hicho kilele ndicho mti wa Krismasi wenyewe, kimenyooka, kimechongoka juu, na hakuna mti wa pili uliokufa kwa ajili yako. Mimi mwezi wa 11 nikipanda Uru huwa nauliza tu nani anapasua mbao mwezi ujao. Shikamoo, habari za kahawa, halafu ndiyo swali. Sijawahi kurudi mikono mitupu.

Ukifika penye mti au tawi, jaribu mambo matatu. Shika kitawi kwa mkono mzima uvute taratibu kuja kwako: vikibaki vijani vingi kiganjani, umeshakauka, uache. Kunja ncha ya kitawi: kibichi kinajikunja, kikavu kinakatika kwa mlio. Halafu fikicha vijani puani. Visiponukia, hakuna uhai humo. Angalia pia kama kuna matawi ya kahawia ndani. Msaiprasi una adui wake, kidukari kidogo kinachofyonza utomvu, kilichoonekana Malawi mwaka 1986 kisha kikasambaa Afrika Mashariki na kuua miti mingi sana. Tawi lenye ugonjwa huo linakuwa na rangi ya kutu kutoka ndani kuja nje, na linanata. Kabla ya kupakia, ligonge chini mara kadhaa kwa nguvu. Sisimizi, buibui na kinyonga mmoja mmoja watashuka hapo hapo badala ya kushukia kwenye kochi lako. Mama mkwe wangu hawezi kulala nyumba moja na kinyonga, na sitaki kueleza nilivyolijua hilo.

Usafiri: kwenye kirikuu au juu ya Noah, elekeza shina mbele na ncha nyuma, ili upepo uyalaze matawi. Watu wengi wanaweka kinyume, wanafika mjini na mti uliofumuka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Funga kwa shuka kuukuu kwanza, kamba ije juu ya shuka. Kwa bodaboda mimi siruhusu kitu kirefu kuliko dereva.

Maji, na tofauti ya Moshi na Arusha

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mti wa kweli unapofia.

Mti uliokatwa unajiziba mwenyewe. Utomvu unaganda kwenye kidonda, na baada ya saa sita hadi nane hivi shina haliwezi tena kunywa vizuri. Kwa hiyo ukifika nyumbani, hata kama mti umekatwa asubuhi ile ile, chukua msumeno ukate kipande kingine cha sentimita 2 au 3 chini, mkato ulionyooka, kisha ndani ya maji papo hapo. Usichonge maganda ya pembeni ili shina liingie kwenye ndoo. Maji hupita kwenye tabaka za nje, karibu na ganda, ukilichonga umekata mrija. Tafuta ndoo kubwa zaidi.

Kipimo cha kufikiria ni lita moja kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina. Kilele chenye shina la sentimita 5 kitataka kama lita mbili, na shina la sentimita 10 linaweza kumaliza lita nne, hasa siku ya kwanza. Watu wanaweka sukari, wengine asprini, wengine soda. Maji ya bomba tu yanatosha, mradi yasishuke chini ya mkato hata usiku mmoja.

Moshi mjini iko kwenye mita 800 na kitu hivi kutoka usawa wa bahari, Arusha iko karibu na 1,400. Ndiyo maana Desemba sisi tunalala bila shuka, wao wanavaa sweta asubuhi. Mti huo huo ukikatwa siku moja, Njiro kule Arusha utakuwa bado kijani baada ya wiki tatu, wakati Majengo yetu hapa Moshi umeanza kulegea wiki ya pili. Basi mtu wa Arusha anaweza kukata tarehe 10 akafika nao mwaka mpya. Mtu wa Moshi mjini asikate kabla ya tarehe 17 au 18. Na huko juu, Machame au Marangu, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, kata hata mapema ukitaka.

Kusimamisha: stendi za chuma za kushika mti huku hazipatikani kirahisi, wala huzihitaji. Ndoo ya lita 20, weka jiwe kubwa chini, simamisha mti, jaza kokoto mpaka robo tatu, shindilia kwa mpini wa mwiko huku mwingine ameshika juu akisema "kulia, kulia kidogo, hapo." Kokoto ni bora kuliko mchanga kwa sababu maji yanapita na unaona kiwango chake. Kisha funga uzi mwembamba wa kuvulia samaki kutoka katikati ya mti hadi kwenye msumari wa pazia. Hauonekani, na ndio utakaokuokoa mtoto wa dada yako akitaka puto la juu. Ndoo ivishe kitenge.

Ule wa kwenye chungu

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaifikirii: mche ulio hai. Wauza maua na miche wa barabarani, na upande wa Tengeru na Usa River wapo wa kutosha, huwa na msaiprasi mdogo kwenye kiriba au ndoo, na mara nyingine araukaria, ule mti wenye matawi yaliyopangwa ghorofa ghorofa kama mbavu za mwavuli. Araukaria asili yake ni kisiwa cha Norfolk kwenye bahari ya Pasifiki, na unavumilia kukaa ndani kuliko msaiprasi. Unaweza kuwa nao miaka, kila Krismasi unaingia, ikiisha unatoka barazani.

Unapokagua mche, inua kiriba. Mizizi ikiwa imetoboa na kuzama ardhini, muuzaji atakapoung'oa ataikata, na mti utakufa Januari ukadhani ni kosa lako. Angalia pia udongo usiwe umetiwa jana tu: ukivuta shina taratibu na udongo wote ukainuka pamoja, mche umeshika. Ndani usiuweke zaidi ya siku 7 hadi 10 kama ni msaiprasi, kwa sababu unataka jua. Na ukiutoa, usiupeleke juani mara moja. Uanzie kivulini siku chache. Kupanda ardhini subiri masika, mwezi wa 3, usihangaike na jua la Januari. Mbali na nyumba na nyaya za umeme, tafadhali, maana kwao araukaria hupita mita 50.

Hatua ya nne: kama umeamua wa boksi

Sheria ya kwanza na ya mwisho: usinunue picha.

Mwaka juzi nilikuwa dukani, sitasema duka lipi, kijana ananisifia mti wa futi 6. Nikamwambia, mdogo wangu, fungua boksi tuuone.

"Mama, nikifungua haurudi humo. Ni huo huo wa pichani."

"Basi nifungulie tawi moja."

Akafungua huku amenuna. Tawi lilikuwa waya mwembamba wenye nyuzi za plastiki zilizonyooka kama mswaki wa zamani, na unaona upande wa pili. Nikalipeleka mwangani, nikahesabu vitawi: saba. Pichani tawi la chini lina vitawi kama ishirini. Tukaagana kwa heshima.

Hivyo ndivyo unavyopima. Boksi nyingi huandikwa idadi ya ncha za matawi. Mti wa futi 6 wenye ncha 300 utaona mlingoti katikati hata ukiupamba vipi. Ukifika 600 au 800 hapo unapendeza. Kama haikuandikwa, hesabu tawi moja la chini na moja la katikati, utapata picha. Kunja waya wa kitawi na uuachie: ukibaki ulivyoukunja ni mzuri, ukirudi wenyewe hautabeba kipambo. Vuta vijani kwa vidole. Wa bei poa unanyonyoka kama kuku aliyechovywa maji ya moto. Kisha miguu. Miguu ya chuma inapita ya plastiki mara kumi, kwa sababu ya plastiki hupasuka pale skrubu inapoingia, na ikipasuka hakuna spea. Nusa pia ndani ya boksi. Harufu kali ya plastiki ni ya kawaida, utauanika barazani kivulini siku mbili, lakini ile inayowasha macho acha nayo. Kama boksi limeandikwa kwamba mti haushiki moto haraka, hiyo ni sifa ya maana, ulipie.

Kuna aina mbili za kuunga matawi. Moja kila tawi unalitundika kwenye tundu lake kwa rangi au herufi, nyingine matawi yameshaungwa kwa bawaba na unayashusha tu. Ya bawaba ni ghali kidogo ila ndiyo ninayoishauri, hasa kama una watoto, maana mwaka wa pili zile rangi zimefutika na utakaa sakafuni unapanga matawi kama mtihani wa hesabu.

Ukifika nyumbani usikimbilie kupamba. Mti wa boksi hutengenezwa kwa mikono: anza tawi la ndani kabisa, kitawi kimoja juu, kimoja kulia, kimoja kushoto, uende hivyo mpaka nje, kisha tawi linalofuata. Saa nzima itapita. Wanaolalamika kwamba mti wao ni mwembamba, nusu yao waliufungua kwa dakika tano.

Kuhusu bei, hesabu kwa miaka. Tuseme umenunua kwa 120,000 na ukadumu Krismasi 8: ni 15,000 kwa mwaka. Ukinunua wa 40,000 ukanyonyoka baada ya miaka miwili, umelipa 20,000 kwa mwaka na umechukia. Mazingira nayo yana hesabu yake. Shirika la Carbon Trust la Uingereza limekadiria kwamba mti wa plastiki wa mita 2 unabeba kama kilo 40 za hewa ukaa, na wa kweli ukichomwa baada ya sikukuu ni kama kilo 3.5, kwa hiyo wa plastiki unapaswa kutumika zaidi ya miaka kumi ndipo uanze kulingana. Hiyo ni hesabu ya kwao, wenye mashamba ya miti ya Krismasi, ila kwa kilele kilichoachwa na wapasua mbao wa Uru sioni kwa nini yetu iwe mbaya kuliko hapo.

Hatua ya tano: taa na mapambo

Taa nunua za LED. Kamba ya wati 10 ukiiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku kwa siku 30 inakula uniti moja na nusu. Zile za balbu za zamani za wati 40 zingekula uniti 6 na zinapata moto juu ya majani makavu. Soma plagi: umeme wetu ni volti 230, na taa za kutoka Marekani zinazopatikana kwenye mitumba mara nyingi ni za volti 120. Ukizichomeka moja kwa moja zitawaka vizuri sana, kwa sekunde moja. Usiunge kamba tano kwenye ekstensheni moja iliyo chini ya zulia. Umeme ukikatika chomoa, urudi wenyewe kwanza utulie. Na ukitoka nyumbani au ukienda kulala, chomoa pia, mti uwe wa kweli au wa boksi. Kwa anayepanda kijijini, hii ndiyo kazi ya mwisho kabla ya kufunga mlango: toa plagi ukutani, usizime swichi tu.

Mapambo sina la kufundisha. Nyumba nyingi za huku bado zinaweka pamba juu ya matawi iwe theluji, nami nafanya hivyo, ingawa asubuhi kukiwa kweupe nikifungua pazia naiona theluji yenyewe ya Kibo inanitazama. Pamba na karatasi visikaribiane na mshumaa, basi. Vya kupasuka weka juu, maputo na kadi chini ambako mikono midogo inafika.

Hatua ya sita: kuutoa

Wengi wetu tunatoa mti tarehe 6 Januari au siku ya kurudi mjini, inayotangulia. Mti wa kweli kata kata uweke chini ya migomba iwe matandazo, au anika kwa kuwashia moto wa nje. Unawaka kwa kishindo na kurusha cheche, kwa hiyo usiuingize mzima jikoni. Na jambo moja ambalo watu wa ng'ombe wa ndani walishike: majani ya baadhi ya misaiprasi na paina humfanya ng'ombe mwenye mimba aitupe. Akiwa na njaa atayala. Usimrushie zizini ukidhani unampa sikukuu.

Wa boksi kunja kuanzia juu kuja chini, funga kila kipande kwa utepe wa kitenge kilichochakaa, tia kwenye kiroba kama boksi limeshapasuka. Taa zizungushe kwenye kipande cha kadibodi, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu panya wanapenda waya kuliko mkate. Weka juu ya kabati, sio stoo. Kisha chukua kalamu nene uandike juu ya kiroba vitu viwili: mwezi na mwaka uliponunua, na mahali ulipoficha skrubu za miguu. Zangu tatu ziko ndani ya soksi ya kijani ya mtoto, soksi imefungwa kwenye mlingoti.